Mwache bibi ainuke mwenyewe

Ukitaka kujua Watanzania wanaumwa nini, wasikilize wauza dawa wa stendi. Miaka hii goti linaongoza. Basi la mkoani halijatoka, kijana anapanda na begi la chupa, anasalimia abiria kwa adabu zote, kisha anaanza kutaja: magoti yanayolia, mgongo, ganzi ya miguu, ute uliokauka. Kwenye simu ni yaleyale. Makundi ya familia ya WhatsApp yanasambaza maelekezo ya kuloweka bamia usiku na kunywa maji yake asubuhi, kwa hoja kwamba kinachoteleza kwenye bilauri kitateleza na gotini. Bamia ni mboga nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ute wake ukifika tumboni unashughulikiwa kama chakula kingine chochote, na hakuna njia mwilini inayoupeleka gotini ukiwa bado ni ute.

Siwacheki wanaokunywa. Tatizo wameliona sawasawa, ila hawajapata mtu wa kuwaambia ute wa goti unatoka wapi na unafanya kazi gani. Ndani ya goti kuna utando mwembamba ambao ndio unaotengeneza ute huo. Ncha za mifupa inayokutana hapo zimevikwa gegedu, ile sehemu nyeupe, ngumu na nyororo unayoitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu la mtu mzima halina mshipa wa damu hata mmoja. Misuli inaletewa chakula na damu, ngozi inaletewa, mfupa wenyewe unaletewa, lakini gegedu hutegemea zaidi ule ute, nao huingia na kutoka kwa kukamuliwa. Ukikanyaga, uzito unalibana na maji yanatoka. Ukiinua mguu, linatanuka na kunyonya mengine yenye oksijeni na sukari. Ni kama dodoki: lisipobanwa na kuachiwa, maji yaliyomo ni yaleyale. Mtu aliyezama kwenye kochi tangu taarifa ya habari ya saa mbili hadi tamthilia ya saa tano usiku amelipunguzia gegedu lake mlo kwa saa tatu, hata kama alishiba vizuri mwenyewe.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Daktari wa mifupa wa Toronto, Robert Salter, alitoboa magegedu ya magoti ya sungura, kisha wengine akawafunga wasikunje mguu, wengine akawaacha huru, na wengine akawaweka kwenye mashine iliyokunja na kukunjua goti taratibu muda wote. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1980, na waliokunjwa na kukunjuliwa walipona vizuri kuliko waliofungwa. Kwa binadamu, watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo wamefuatiliwa kwa picha za MRI, na gegedu la goti lilionekana kuwa jembamba ndani ya mwaka wa kwanza. Hao hawakutembea hata hatua moja. Hakuna kilichosaga goti lao, na bado lilipungua.

Kwa hiyo ile kauli ya "mifupa yako inasagana, mama", ambayo mgonjwa anaipata kwa muuza dawa na wakati mwingine hospitalini kabisa, ina madhara yake. Akishaisikia, anapiga hesabu kichwani kwamba kila hatua inammaliza. Anaanza kuhesabu safari za jikoni. Anaacha kwenda sokoni, anaacha ngazi, anaacha jumuiya na vikoba kwa sababu nyumba ya mwenyekiti iko mlimani. Misuli ya paja, ambayo ndiyo inayopaswa kulipokea goti kila linapokanyaga, inasinyaa. Uzito unapanda, na hapo kuna hesabu nyingine ya kweli: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa watu wazima wanene wenye magoti mabovu ulikuta kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa mzigo wa takriban kilo nne gotini kwa kila hatua. Igeuze hesabu hiyo uone kilo tano za kukaa nyumbani zinamfanyia nini mtu huyo anapojaribu tena kutembea.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti zenye jumla ya watu zaidi ya 100,000 kuangalia nani anaharibika viungo vya nyonga na magoti. Miongoni mwa wanaokimbia kwa kujifurahisha walikuwa asilimia 3.5. Miongoni mwa wasiokimbia, asilimia 10.2. Wakimbiaji wa mashindano ya juu walifika asilimia 13.3. Tarakimu hizi zisitumike kumlazimisha mtu kukimbia. Mwenye goti bovu tangu mwanzo hakimbii, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nani aliyechagua kukimbia. Hata hivyo zinatosha kuizika dhana kwamba goti lina idadi ya hatua lililopangiwa na kila unayoitumia imekatwa kwenye akiba.

Wale wa asilimia 13.3 wana ndugu zao huku kwetu. Kuli wa Kariakoo anayebeba gunia mgongoni kuanzia alfajiri, mchimbaji anayechuchumaa shimoni, mama aliyelima kwa jembe la mkono miaka arobaini huku ana mtoto mgongoni: viungo vyao vimebanwa mno na kuachiwa kidogo. Kazi za kuinua mizigo mizito na kupiga magoti muda mrefu zinajulikana kuharibu magoti na nyonga. Mtu wa namna hiyo akisema amechoka anataka kupumzika, ana haki, na mwandishi anayeandikia kwenye kiti cha ofisi awe na aibu kidogo kabla ya kumwambia afanye mazoezi. Tatizo ni kwamba tumelichukua pumziko lake alilolistahili tukaligeuza kuwa kifungo.

Hapa ndipo ninapotaka tugombane. Sisi tunamheshimu mzee kwa kumkalisha.

Mama anatoka Lushoto, kwenye milima ambako kwenda popote ni kupanda au kushuka. Kijana wake amejenga Dar es Salaam na anamleta apumzike. Kochi kubwa lipo, televisheni ipo, dada wa kazi yupo. Bibi akiinuka kufuata kikombe, wajukuu watatu wanakimbilia jikoni. Akishika ufagio, dada anahisi anasimangwa. Akisema afike gengeni kuchagua nyanya, anajibiwa, "Bibi, jua kali hilo, nitakwenda mimi." Shikamoo zinamfuata palepale alipo. Kila mmoja nyumbani anatimiza wajibu wake, na ukiwaambia wanamdhuru watashangaa kwelikweli. Baada ya mwaka mama anainuka kwa kusukumwa, anatembea kwa kushika ukuta, na familia inaambizana kwamba sasa uzee umeingia. Uzee umesingiziwa kwa sehemu kubwa.

Samani nazo zimechangia. Mbuzi ya kukunia nazi ilimfanya mwanamke akae chini sana, mapaja yamefunguka, kisha ainuke na ungo mkononi, na akifanya hivyo karibu kila siku nyonga zake hazikupata nafasi ya kukaza. Leo ni blenda, juu ya meza. Mkeka umempisha kochi. Choo cha kuchuchumaa kimempisha cha kukaa, na kwa mgonjwa au aliyefanyiwa upasuaji hiyo ni nafuu kubwa, lakini kwa mtu mzima wa miaka 45 kilikuwa zoezi pekee la kuchuchumaa alilobaki nalo. Kwa Waislamu ipo sala. Rakaa 17 za faradhi kwa siku zina sijda 34, kila moja ikikunja magoti, nyonga na vifundo vya miguu kwa kiwango ambacho kochi halijawahi kukidai. Ruhusa ya kusali juu ya kiti ipo kwa mwenye udhuru na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nasema tu kwamba anayehamia kwenye kiti mapema, kabla mwili haujamlazimisha, anaacha uwezo wa kuinuka kutoka sakafuni, na uwezo huo ukishaondoka kuurudisha ni kazi.

Kukaa kunavyoharibu haraka kulipimwa zamani. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, vijana watano wenye miaka kama 20 walilazwa kitandani wiki tatu wakiwa wazima. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye ilionekana kwamba wiki zile tatu ziliushusha uwezo wa miili yao kutumia oksijeni zaidi ya ilivyoushusha miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana. Bibi wa miaka 75 anayelazwa kwa malaria, kisha akaambiwa na wanawe aendelee kulala nyumbani mwezi mzima "apate nguvu", hana akiba ya misuli waliyokuwa nayo wale.

Ingia chumba chochote cha fiziotherapia katika hospitali ya mkoa utakuta samani chache: kitanda, vyuma viwili sambamba vya kushikilia, ngazi ya mbao ya vidaraja vitatu isiyokwenda popote, na kiti kigumu kisicho na mikono. Mgonjwa ni mama mnene kiasi, kitenge kimefungwa juu ya dera, na binti yake amemkamata kwapani. Mtaalamu anamgeukia binti.

"Dada, muachie mkono."

"Ataanguka."

"Hataanguka, niko hapa. Mama, sogea ukae mwanzo wa kiti. Rudisha miguu nyuma, visigino karibu na kiti. Inama mbele kidogo, pua ipite magoti. Haya, inuka."

Mama anainuka. Si kwa uzuri, anatetemeka katikati, lakini anasimama, na anayeonekana kushtuka zaidi ni binti. Kisha anaambiwa akae polepole bila kujitupa, na arudie. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na akizoea atafute kiti kifupi zaidi. Hilo ndilo zoezi, na ukiliangalia vizuri ni lilelile ambalo watoto wake walikuwa wakimzuia kulifanya kila alipotaka kufuata kikombe.

Mwongozo wa tiba wa NICE, taasisi ya afya ya Uingereza, uliotoka mwaka 2022, unaweka mazoezi ya namna hii mbele kwa kila mwenye goti lililochakaa, na unasema vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa sana kwa ajili ya viungo, visitolewe. Denmark tangu 2013 wana mpango ambao mgonjwa anaelimishwa kisha anafanya mazoezi chini ya mtaalamu mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kanuni yao ya maumivu ni nzuri kwa nyumba yoyote: goti likiuma kwa kiasi wakati wa zoezi, endelea, mradi maumivu yashuke na kesho yake yawe yamerudi pale yalipozoea kuwa. Yakibaki juu, punguza, usiache. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, au likaambatana na homa, hilo ni la daktari siku hiyohiyo.

Kwenye ubongo inabidi niende kwa uangalifu zaidi, maana ahadi zinazotolewa ni kubwa kuliko ushahidi.

Nianze na lililo imara. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake ukiwa umetulia. Kiungo chenye njaa namna hiyo kinaishi kwa hisani ya mishipa ya damu, na kinachoharibu mishipa ya moyo kinaharibu na ya kichwani. Mwaka 1953 mtafiti Jerry Morris alichapisha London utafiti wa madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Makonda, waliopanda kati ya ngazi 500 na 750 kwa siku wakidai nauli, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Ninachompendea Morris ni kwamba hakuridhika. Alirudi kuangalia vipimo vya sare, akakuta kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda, hata wale waliokuwa bado vijana. Yaani sehemu ya tofauti ilikuwapo kabla ya usukani kumkalisha mtu. Tafiti zilizofuata miaka mingi zimethibitisha hata hivyo kwamba mwendo hushusha shinikizo la damu, hupunguza kisukari na hupunguza kiharusi. Kila kiharusi kilichoepukwa, kikubwa au vile vidogo visivyoonekana kwa nje, ni kumbukumbu iliyookolewa.

Kisha kuna lile linalonukuliwa kila mahali. Mwaka 2011 timu ya Kirk Erickson ilichukua wazee 120 wa Marekani wasio na demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, nusu wakatembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, nusu wakafanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, iliongezeka asilimia 2 kwa waliotembea na kupungua kwa wengine. Utafiti mzuri, uliofanywa vizuri. Lakini tafiti zilizojumlishwa baadaye hazikuonyesha ongezeko la jumla la wazi namna hiyo. Zilionyesha zaidi kwamba mwendo huzuia kupungua. Kuzuia kupungua kunatosha, sielewi kwa nini tunataka lazima ubongo uote kama mchicha.

Kuna pia matokeo ambayo waandishi wa afya wanapenda kuyaruka. Watumishi wa serikali wa Uingereza zaidi ya 10,000 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 27, na mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba waliokuwa wakijishughulisha katika umri wa kati hawakupata demensia kidogo kuliko wengine. Lililoonekana ni kwamba waliokuja kuugua walianza kupunguza mwendo hadi miaka tisa kabla ya kutambuliwa. Maana yake kwa familia ni nzito. Baba aliyekuwa akienda kuzungumza na wenzake barazani kila jioni, akaanza kubaki ndani, huenda hajachoka tu. Huenda ugonjwa ndio unaomkalisha. Mwaka mmoja baadaye, utafiti mwingine wa Uingereza uliwagawa watu 494 ambao tayari wana demensia, wengine wakapewa mazoezi makali kiasi, wengine huduma ya kawaida. Miili yao iliimarika. Akili hazikuimarika, kundi la mazoezi lilikuwa nyuma kidogo hata.

Ukiviweka vyote pamoja unapata picha isiyouzika kwenye kibandiko cha chupa. Tume ya jarida la Lancet kuhusu demensia, katika ripoti ya 2024, ilikadiria kwamba asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Kutojishughulisha kimwili kulipewa asilimia 2 peke yake. Mtu anaweza kuiona ni kiduchu. Lakini tazama jirani zake kwenye orodha: shinikizo la damu, kisukari, unene, sonona, na upweke ambao peke yake una asilimia 5. Hayo yote yanaguswa na mwendo, na la mwisho linaguswa zaidi kwetu kuliko kwingine, kwa sababu mzee wa Kiswahili hatembei ili afikishe hatua kwenye saa ya mkononi. Anatembea aende msibani, akaone mgonjwa, akacheze bao, akaulize kama mchele umeshuka. Ukimkata miguu umemkata na maneno. Nadhani hapo ndipo kukalishwa kunapoumiza ubongo zaidi, hata kama sina kipimo cha kukuonyesha.

Na tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini mwaka 2009 na 2010 na kukadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Hao ni watu wa migomba na milima, wengi wao wametembea maisha yao yote. Mwendo si kinga kamili ya lolote.

Kuna watu wa nchi yetu ambao wamepimwa kuliko karibu jamii yoyote ya wawindaji duniani: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mgeni akisikia habari zao anategemea kuambiwa kwamba hawakai. Wanakaa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba wanapumzika karibu saa kumi za mchana kwa siku, sawa na mtu wa ofisini. Tofauti ni namna. Karibu saa mbili za mapumziko yao ni kuchuchumaa, na misuli ya miguu ya anayechuchumaa inaendelea kufanya kazi ndogo ndogo, wakati ya aliye kwenye kiti imelala. Muda uliobaki ni ardhini, na kila kuinuka ardhini ni kazi. Kwa mtu wa mjini hili ni habari ya kutia moyo: si lazima uache kupumzika, badilisha tu unavyopumzika. Kaa mkekani ukimenya viazi. Pokea simu umesimama. Mwache bosi akushangae.

Kwa takwimu, Afrika Mashariki bado tunaonekana vizuri. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2018 iliiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wasiojishughulisha vya kutosha, asilimia 5.5 tu, wakati Kuwait ilikuwa asilimia 67. Sifa hiyo isitulevye. Mganda hakupata nafasi hiyo kwa sababu ya jimu. Aliipata kwa jembe, dumu la maji na safari ya mguu kwenda shule. Ni mwendo wa kutokuwa na chaguo jingine, na kila anayepata chaguo anauacha. Bodaboda imefika mpaka mlango wa uani. Mtu anapanda pikipiki kutoka kituoni hadi nyumbani, mwendo wa dakika nane, na hafanyi hivyo kwa uvivu tu: kutembea kunaonyesha huna kitu. Ukikutana na jirani njiani atasimamisha gari akupe lifti kwa kukuonea huruma, na ukikataa utahitaji maelezo. Nchi za Ghuba zilikuwa na watu wa kutembea jangwani na kuvuta majahazi muda si mrefu uliopita.

Serikali zetu zimejaribu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Zanzibar kila Januari mosi kuna bonanza la mazoezi. Klabu za jogging za Dar es Salaam hazihitaji tangazo la mtu. Alfajiri ya wikiendi zinapita na nyimbo na fulana zao, na wengi waliomo walijifunzia mwendo ule kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi. Ni mambo mazuri, yana furaha, yana umoja. Kisayansi, hata hivyo, gegedu halisubiri Jumamosi ya pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue haraka, mazoezi ya nguvu ya misuli siku mbili, na kwa wazee mazoezi ya kujiimarisha wasianguke siku tatu. Nusu saa siku tano, basi. Kiwango hicho hakipatikani kwenye bonanza, kinapatikana njiani, kwenda na kurudi.

Njia zenyewe ziko wapi? Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara asubuhi ya Jumapili zilizopangwa ili watu watembee na wakimbie, lakini Kigali ina kitu ambacho siku hizo zinakitegemea: pembeni mwa barabara zake kuu pana mahali pa kukanyaga. Dar es Salaam tulionja hilo mradi wa mwendokasi ulipoanza kazi, mwaka huohuo wa 2016, kwa njia za waenda kwa miguu kando ya Barabara ya Morogoro. Ondoka hapo uingie mitaani, Goba, Kitunda, Chanika. Lami, kama ipo, inaishia kwenye mtaro ulio wazi. Kati ya lami na mtaro bodaboda wameegesha, na palipobaki pana meza ya matunda. Daktari anamwandikia mgonjwa wa miaka 68 kutembea nusu saa kila siku, na mgonjwa anarudi mtaani ambako kutembea ni kukwepa pikipiki kwa goti lisiloweza kuruka. Wanawe wanamwambia akae ndani, na kwa siku hiyo, kwa barabara hiyo, wana hoja.

Kwa hiyo hata nikiwalaumu wajukuu wanaokimbilia kikombe, siwezi kuishia kwao. Barabara ya mtaa inapokuwa kwenye makaratasi ina njia ya miguu pande zote mbili. Fedha zikipungua, hiyo ndiyo inayofutwa kwanza, na hakuna mtu anayeandamana. Mgombea udiwani anayekuja kuomba kura kwa ahadi ya lami aulizwe, mbele ya wazee waliokaa viti vya mbele, kwamba pembeni ya lami hiyo ameacha mita ngapi za kutembea.